Usahihi wa bunduki kubwa ya hewa katika masafa marefu

Bunduki kubwa ya hewa ni bunduki inayorusha risasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa badala ya baruti, na ambayo kipenyo cha ndani cha mtutu wake kwa kawaida ni takriban milimita 9 au zaidi. Inatofautiana na bunduki ndogo za hewa za milimita 4.5 au 5.5 zinazotumika katika michezo na kufukuzia ndege waharibifu. Bunduki kubwa ya hewa hurusha risasi nzito ya gramu 10 hadi 30 na zaidi, na katika nchi kadhaa hutumika kuwindia wanyama wakubwa kama nguruwe mwitu na kulungu.

Usahihi katika masafa marefu, yaani mita 100 na kuendelea, ndiyo shida kuu ya bunduki za aina hii. Risasi yake ni nzito lakini huenda polepole ikilinganishwa na ile ya bunduki ya baruti. Kwa sababu hiyo hushuka sana njiani, husukumwa na upepo kwa muda mrefu zaidi, na hitilafu ndogo ya kasi au ya kipimo cha umbali huonekana waziwazi kwenye shabaha. Makala hii inaeleza sababu za hitilafu hizo na jinsi zinavyopunguzwa.

Historia

Bunduki za hewa si uvumbuzi mpya. Iliyo maarufu zaidi kati ya zile za kale ilibuniwa mnamo mwaka 1779 na Bartholomäus Girardoni, fundi kutoka Tirol. Jeshi la Austria liliitumia tangu miaka ya 1780 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kitako chake kilikuwa chombo cha chuma kilichojazwa hewa, na kando ya mtutu kulikuwa na bomba lenye nafasi ya risasi 20 hivi za mviringo. Askari aliweza kupiga mara nyingi mfululizo bila moshi, wakati mwenzake wa bunduki ya baruti alikuwa bado anashindilia risasi moja. Ugumu wake ulikuwa kuijaza: kitako kimoja kilihitaji takriban mapigo 1,500 ya pampu ya mkono.

Meriwether Lewis na William Clark walichukua bunduki ya hewa katika safari yao ya kuvuka Amerika ya Kaskazini miaka 1803-1806. Watafiti wengi wanaamini ilikuwa ya aina ya Girardoni. Lewis aliandika katika shajara yake kwamba tarehe 30 Agosti 1803, karibu na Pittsburgh, mtu asiyeizoea aliishika ikafyatuka. Risasi ilimpata mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 hivi, ikapenya kofia yake na kumchubua kipajini. Alinusurika. Tukio hilo lilionyesha mapema kwamba bunduki ya hewa ni silaha kamili, si kitu cha kuchezea.

Katika karne ya 20 bunduki nyingi za hewa zilikuwa ndogo. Mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa ya milimita 4.5 katika umbali wa mita 10 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Kupatikana kwa mitungi ya hewa ya shinikizo kubwa, kama ile ya wapiga mbizi na wazima moto, kulirahisisha kurudi kwa bunduki kubwa za hewa, hasa nchini Marekani.

Jinsi inavyofanya kazi

Bunduki kubwa ya hewa ya kisasa ina chombo cha hewa chenye shinikizo la bari 200 hadi 300, yaani mara mamia ya shinikizo la hewa tunayovuta. Chombo hicho hujazwa kwa mtungi mkubwa au kompresa. Pampu ya mkono inawezekana lakini inachosha.

Mlengaji anapovuta kifyatulio, springi husukuma nyundo ndogo ambayo hugonga vali. Vali hufunguka kwa elfu chache za sekunde, hewa hutoka na kuisukuma risasi ndani ya mtutu. Kisha shinikizo lililobaki kwenye chombo huifunga vali tena.

Mfano wa risasi ya kawaida ya bunduki hizi ni ile ya kipenyo cha milimita 11.5 yenye uzito wa gramu 19.4, inayotoka kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya masi mara mraba wa kasi, yaani jouli 600 hivi. Nishati hiyo inatosha kumuua mnyama mkubwa au binadamu. Hata hivyo, kasi ya mita 250 kwa sekunde iko chini ya kasi ya sauti, ambayo ni takriban mita 343 kwa sekunde kwenye halijoto ya nyuzi 20. Mfano huu utatumika katika hesabu zote zinazofuata.

Maana ya usahihi

Kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza ni risasi kuanguka karibu karibu, yaani matundu kwenye karatasi kufanya kundi dogo. La pili ni kundi hilo kuwa mahali palipolengwa. Bunduki inayofanya kundi dogo sentimita 10 kushoto mwa shabaha si mbovu. Darubini yake hurekebishwa kwa kuzungusha skrubu. Bunduki inayotawanya matundu huku na huko haiponi kwa skrubu yoyote. Ndiyo maana kazi ya kuboresha usahihi huanza na kupunguza ukubwa wa kundi, halafu ndipo kundi husogezwa.

Ukubwa wa kundi hupimwa kwa sentimita kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, au kwa pembe. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja, ni sawa na sentimita 2.9 katika mita 100 na sentimita 5.8 katika mita 200. Kipimo kingine ni sehemu ya elfu ya umbali, ambayo ni sentimita 10 katika mita 100.

Idadi ya risasi katika jaribio ina uzito mkubwa. Risasi tatu zinaweza kukaribiana kwa bahati tu. Kundi la risasi kumi linasema ukweli zaidi, hata kama linamvunja moyo mwenye bunduki.

Kasi isiyobadilika

Risasi huanza kuvutwa na dunia mara tu inapotoka mtutuni. Tukiacha kwanza ukinzani wa hewa, umbali inaoshuka ni nusu ya 9.8 mara mraba wa muda wa safari. Risasi ya mita 250 kwa sekunde hufika mita 100 kwa sekunde 0.4, na kwa muda huo hushuka sentimita 78. Katika mita 200 muda ni sekunde 0.8 na mshuko ni mita 3.14. Umbali umeongezeka mara mbili, lakini mshuko umeongezeka mara nne. Katika hali halisi risasi hushuka zaidi kidogo kwa sababu hewa huipunguza kasi.

Sasa tuchukue bunduki mbili, A na B, kila moja ikipiga risasi tano, na kasi zikapimwa kwa mita kwa sekunde:

A: 251, 249, 250, 248, 252
B: 258, 254, 250, 246, 242

Wastani wa zote mbili ni 250. Anayetazama wastani peke yake atasema ni sawa. Lakini katika A tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini ni 4, na katika B ni 16. Mkengeuko sanifu wa A ni takriban 1.6 na wa B ni 6.3. Katika mita 100, risasi ya A yenye kasi zaidi na ile ya polepole zaidi zitatofautiana kwa sentimita 2.5 za wima. Kwa B tofauti ni sentimita 10. Katika mita 200, A itakuwa na sentimita 10 na B itakuwa na sentimita 40. Hayo yote hutokea hata kama mlengaji hajatikisika kabisa.

Pia kasi za B zinashuka kwa mpangilio, kutoka risasi ya kwanza hadi ya tano. Hiyo ni dalili ya hewa inayopungua kwenye chombo. Kila risasi kubwa hutumia hewa nyingi, na shinikizo huanguka kwa kiasi kinachoonekana kwenye saa ya shinikizo. Kuna njia tatu za kukabiliana na tatizo hilo.

Njia ya kwanza ni kutafuta eneo tulivu la shinikizo. Shinikizo likiwa juu mno, huibana vali kwa nguvu, nyundo huifungua kwa muda mfupi, na hewa inayotoka ni kidogo. Shinikizo likishuka, vali hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi lakini hewa husukuma kwa nguvu ndogo. Kati ya hali hizi mbili kuna eneo ambalo mambo hayo mawili husawazishana na kasi haibadiliki sana. Bunduki nyingi kubwa hupata risasi mbili hadi tano tu katika eneo hilo. Mlengaji makini huzitumia hizo, kisha hujaza tena.

Njia ya pili ni kidhibiti shinikizo, yaani kifaa kinachoruhusu hewa kuingia kwenye chumba kidogo kabla ya vali mpaka ifike kipimo kilichowekwa. Kwa hiyo kila risasi hukuta shinikizo lilelile. Katika bunduki kubwa chumba hicho sharti kiwe na nafasi ya kutosha, la sivyo hewa yake huisha kabla risasi haijatoka mtutuni.

Njia ya tatu ni kurekebisha springi ya nyundo. Ikikazwa, eneo tulivu huhamia kwenye shinikizo la juu zaidi. Ikilegezwa, huhamia chini. Springi iliyokazwa kupita kiasi hupoteza hewa bila kuongeza kasi.

Halijoto nayo ina athari. Shinikizo la gesi iliyofungiwa huongezeka pamoja na halijoto kamili. Chombo chenye bari 250 asubuhi kwenye nyuzi 20 kitakuwa na bari 267 hivi kikiachwa juani hadi nyuzi 40. Vilevile chombo kilichojazwa haraka hupata joto, kisha kinapopoa shinikizo hushuka. Inafaa kusubiri kipoe, ndipo kipimo kisomwe.

Risasi

Kwa Kiswahili neno risasi hutaja kitu kinachorushwa na bunduki na pia metali ambayo kwa jina la kisayansi huitwa plumbi. Hapa chini neno plumbi linatumika kwa metali.

Risasi ya bunduki kubwa ya hewa ni kipande kizima cha plumbi, tofauti na ile ya bunduki ndogo ambayo ina kiuno chembamba na nyuma yake ni kama sketi. Wengi huimimina wenyewe kwa kalibu. Mambo yafuatayo huathiri usahihi:

- Kipenyo. Risasi iliyo nyembamba kuliko mtutu huvujisha hewa na kuyumba. Iliyo nene mno hukwama na kupunguza kasi. Mara nyingi inayofaa huzidi kipenyo cha ndani cha mtutu kwa sehemu ndogo sana ya milimita.
- Ulaini. Hewa iliyobanwa haina mshindo wa baruti wa kuilazimisha risasi ngumu ishike mifereji ya mtutu. Plumbi laini hufaa zaidi kuliko aloi iliyotiwa antimoni nyingi.
- Uzito. Risasi za kundi moja hupimwa kwa mizani na kutengwa. Iliyo nyepesi kuliko wenzake huenda ina povu la hewa ndani, nayo itazunguka kama pia iliyochongwa vibaya.
- Kitako cha risasi. Hiki ndicho sehemu ya mwisho kuachana na mtutu. Kikiwa na pengo upande mmoja, hewa hutorokea upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Kasoro ndogo kwenye pua haina madhara kama hiyo.
- Umbo. Risasi ndefu yenye pua iliyochongoka hupasua hewa vizuri kuliko tufe. Uwezo huo hupimwa kwa namba iitwayo kizigeu cha balistiki. Kadiri kilivyo kikubwa ndivyo risasi inavyotunza kasi yake.

Mtutu na mzunguko

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda ambayo huifanya risasi izunguke. Kinachoiweka risasi wima hewani ni kilekile kinachoiweka pia ya mtoto wima chini: kitu kinachozunguka kwa kasi hupinga kubadilisha mwelekeo wake. Pia ikipunguza mzunguko huanza kuyumba, na risasi vivyo hivyo.

Mzunguko hutajwa kwa urefu wa mtutu unaohitajika ili risasi izunguke mara moja. Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwanahisabati wa Uingereza, alitoa kanuni rahisi ya kuukadiria: zidisha 150 kwa mraba wa kipenyo cha risasi, kisha gawa kwa urefu wa risasi. Kwa risasi ya kipenyo cha milimita 11.5 na urefu wa milimita 20, jibu ni milimita 992. Ikiwa urefu ni milimita 30, jibu ni milimita 661. Maana yake ni kwamba risasi ndefu inahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mtu anayenunua risasi ndefu na nzito ili kushinda upepo, huku mtutu wake una mzunguko wa polepole, atashangaa kuona matundu ya mviringo mrefu kwenye karatasi. Hayo ni matundu ya risasi iliyofika ikiwa imelala upande.

Mdomo wa mtutu lazima uwe laini na sawa pande zote. Mkwaruzo mdogo hapo hufanya kazi ileile mbaya kama pengo kwenye kitako cha risasi. Mabaki ya plumbi yanayoganda ndani ya mtutu huondolewa kwa kitambaa na mafuta kidogo, kwa kuvuta kutoka upande wa kupakilia kuelekea mdomoni inapowezekana. Baada ya kusafisha, risasi chache za kwanza mara nyingi huanguka mahali tofauti na zinazofuata.

Upepo

Upepo wa kando ndio adui mgumu kuliko wote kwa sababu haupimiki mara moja tu ukaisha. Kanuni ya kuukadiria ni hii: msogeo wa risasi ni kasi ya upepo mara muda ambao risasi imechelewa. Muda wa kuchelewa ni tofauti kati ya muda halisi wa safari na muda ambao risasi ingetumia kama isingepunguzwa kasi na hewa.

Kwa risasi yetu, ikiwa ina umbo la wastani, ucheleweshaji ni takriban sekunde 0.015 katika mita 100 na sekunde 0.06 katika mita 200. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao hutikisa majani na vijiti vidogo, utaisogeza sentimita 4 hadi 5 katika mita 100, lakini sentimita 18 katika mita 200. Tena umbali umeongezeka mara mbili na kosa mara nne.

Mlengaji hutazama majani, vumbi, na mtetemo wa hewa ya joto unaoonekana ndani ya darubini. Wengi huweka vitambaa vyepesi kwenye vijiti kati yao na shabaha. Upepo wa karibu na mlengaji una athari kubwa kuliko wa karibu na shabaha, kwani pembe inayoanzishwa mapema huendelea kukua safari nzima.

Uzito wa hewa yenyewe hubadilika kulingana na kimo. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 18 hivi kuliko Mombasa kwenye halijoto ileile. Jedwali la mshuko lililotengenezwa pwani halitakuwa sahihi kabisa bara.

Darubini, mwinamo na umbali

Mshuko wa mita 3.14 katika mita 200 ni sawa na dakika 54 za pembe. Darubini nyingi za bunduki haziwezi kurekebishwa kiasi hicho kutoka katikati, kwa hiyo hufungwa kwenye reli iliyoinama kidogo kuelekea mbele.

Kosa ambalo wengi hawalitambui ni kuinamisha bunduki upande. Bunduki ikilala nyuzi 2 tu kulia, sehemu ya pembe iliyowekwa kufidia mshuko hugeuka kuwa pembe ya kwenda kulia. Katika mita 200 risasi itakwenda pembeni kwa sentimita 11 hivi, na mlengaji atasingizia upepo. Dawa yake ni pimamaji ndogo, kama ile ya fundi mwashi, iliyofungwa juu ya darubini.

Umbali nao lazima ujulikane. Mtu aliyeweka darubini kwa mita 200, kumbe shabaha iko mita 210, atapiga chini kwa sentimita 16. Kwa bunduki ya baruti yenye kasi mara tatu kosa hilo lingekuwa sentimita 2 hivi. Kwa hiyo kifaa cha kupimia umbali kwa leza si anasa kwa mwenye bunduki kubwa ya hewa.

Mlengaji

Risasi ya gramu 19.4 ikisafiri ndani ya mtutu wa sentimita 80, bunduki ya kilo 4 hurudi nyuma karibu milimita 4 kabla risasi haijatoka. Ikiwa bunduki itarudi kwa njia tofauti kila mara, risasi nazo zitatoka kwa pembe tofauti. Hivyo siri haiko katika kuibana bunduki kwa nguvu, bali katika kuishika namna ileile kila mara: bega mahali palepale, shavu mahali palepale, mfuko wa mchanga chini ya sehemu ileile. Kifyatulio huvutwa taratibu na moja kwa moja, katika utulivu baada ya kutoa pumzi, na mlengaji hubaki kimya akitazama ndani ya darubini mpaka risasi ifike. Katika mita 200 safari hiyo huchukua karibu sekunde nzima.

Utaratibu wa kuboresha

Kanuni ya maabara ya shule inatumika hapa pia: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika matokeo. Anayebadilisha risasi, springi na darubini siku moja hatajua kipi kimesaidia.

1. Kaza skrubu zote za darubini na za kitako. Makundi mengi yaliyotawanyika hutokana na skrubu iliyolegea.
2. Jaza chombo hadi kikomo kinachoruhusiwa na mtengenezaji, kisha piga kupitia kronografu, yaani kipima kasi, mpaka shinikizo lishuke sana. Andika shinikizo na kasi ya kila risasi.
3. Tafuta kwenye orodha hiyo eneo ambalo kasi hazitofautiani kwa zaidi ya mita 3 au 4 kwa sekunde. Tangu hapo jaza hadi mwanzo wa eneo hilo tu.
4. Jaribu aina kadhaa za risasi katika mita 50 siku isiyo na upepo, makundi ya kumi kumi.
5. Risasi iliyoshinda ipelekwe mita 100. Kundi likiwa refu kwa wima, chunguza kasi. Likiwa pana kwa mlalo, chunguza upepo, mwinamo na kifyatulio. Likitawanyika pande zote, chunguza risasi zenyewe na mdomo wa mtutu.
6. Tengeneza jedwali la mshuko kwa kupiga kila mita 25. Programu za simu husaidia kukadiria, lakini karatasi yenye matundu ndiyo hakimu.

Uwindaji na mipaka yake

Kwa mwindaji usahihi si suala la sifa. Risasi ya polepole haiui kwa mshtuko. Huua kwa kutoboa moyo au mapafu. Eneo hilo kwa kulungu wa kawaida wa Marekani lina upana wa sentimita 20 hivi. Tukirudi kwa bunduki B, ambayo tofauti yake ya wima katika mita 200 ni sentimita 40 bila kuhesabu upepo, ni wazi kwamba mwenye nayo hana haki ya kumpiga mnyama kwa umbali huo. Atamjeruhi, na mnyama atakwenda kufa kwa mateso msituni. Zaidi ya hayo, mnyama anaweza kupiga hatua wakati risasi ikiwa bado njiani. Kwa sababu hizo wawindaji wengi wa bunduki kubwa ya hewa hujiwekea mpaka wa mita 100 au pungufu, hata kama kwenye karatasi wanapiga mbali zaidi.

Usalama na sheria

Risasi ya bunduki kubwa ya hewa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Nyuma ya shabaha lazima pawe na kilima au ukuta wa udongo. Chombo cha hewa hujazwa hewa kavu pekee. Kamwe kisijazwe oksijeni, kwani oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Plumbi huyeyuka kwa nyuzi 327, na tone moja la maji likizama ndani yake hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali ya moto usoni. Moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa penye hewa ya kutosha, mbali na jiko la chakula, na mikono huoshwa.

Sheria hutofautiana. Nchini Uingereza bunduki ya hewa yenye nishati inayozidi jouli 16 hivi huhitaji hati ya kumiliki silaha. Ujerumani mpaka wa zile zisizohitaji kibali ni jouli 7.5. Nchini Marekani sheria ya shirikisho haizihesabu kuwa silaha za moto, lakini majimbo yana masharti yake. Jimbo la Texas liliruhusu mwaka 2018 kuwinda kulungu kwa bunduki za hewa zenye kipenyo cha angalau inchi 0.30, yaani milimita 7.62, na zenye nguvu iliyotajwa. Nchini Kenya uwindaji wa kujifurahisha umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Popote alipo, anayetaka kumiliki bunduki ya aina hii anapaswa kuuliza kituo cha polisi kabla ya kununua, si baada ya kununua.